Hela ya kusikiliza

"Sijafungua kitu, njomba. Nikudai nini?"

Fundi alisema hivyo huku akifuta mikono kwa kipande cha fulana kuukuu, kwenye gereji yake ya mabati pale Magomeni, Mtwara. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linapanda. Tangu alfajiri alikuwa ameinamia injini ya gari la dada yangu, bisibisi ndefu sikioni, anazima, anawasha, anachomoa waya huu na kuurudisha, ananinyooshea kidole nisiseme. Alikuwa amelipata jibu ambalo mafundi watatu kabla yake hawakulipata. Nilipotia mkono mfukoni, akashangaa kweli.

Nikamwachia hela ya chai. Akaipokea kwa shukrani, kana kwamba nimemfanyia hisani.

Ni wiki nyingi sasa. Gari limeshapona, liko Newala na dada anaendelea na biashara yake. Lakini lile swali la fundi halijanitoka.

## Kelele ya sekunde chache

Gari lenyewe ni Toyota Spacio ya 2002, toleo la pili. Nyingi tunazoziona mtaani zina injini ya 1NZ ya cc 1,500. Hii ina 1ZZ, ya cc 1,800, ndugu wa zile zilizomo kwenye Premio na Allion za miaka hiyo. Dada hununua vitenge na kanga Mtwara mjini, anapandisha Newala kupitia Mnivata na Tandahimba. Wasomaji wa huku mnaijua njia hiyo, mnajua vumbi lake na mnajua ule mpando wa kuingia uwanda wa Makonde.

Alinipigia simu akaniambia: "Gari likiamka asubuhi linagonga. Likishapata moto kidogo linanyamaza. Na mlimani siku hizi limekuwa zito."

Kelele hiyo niliisikia mwenyewe alipolileta akalala kwangu Shangani. Ukiwasha tu, inatoka krrr-ka-ka-ka, kavu, ya chuma kwa chuma, upande wa kulia wa injini, yaani upande anaokaa dereva. Halafu inakatika. Baada ya hapo injini inaunguruma kama haijawahi kuwa na tatizo maishani mwake.

Aliyewahi kumiliki gari la zamani anajua uzito wa kelele ya namna hii. Ikikatika unajiambia ni kitu kidogo. Usiku unakumbuka magari yaliyokatikia njiani katikati ya Tandahimba na Newala, na unawaza mama mtu mzima na marobota ya vitenge pembeni ya barabara saa mbili usiku.

Dada aliniachia funguo, akapanda basi kurudi dukani kwake.

## Hukumu tatu

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo, akakanyaga mafuta mara mbili, akatikisa kichwa. "Imenoki hii. Usipoteze hela yako. Agizia injini Dar, ifike na basi, tufunge wikiendi." Alimaanisha bearingi za ndani zimekwisha, niagize injini ya mtumba iliyotolewa kwenye gari huko Japani. Watu wengi hapa wamefanya hivyo na gari likatembea.

Wa pili akasema ni valvu, zimelegea, inabidi tufungue juu tuzirekebishe.

Wa tatu alikuwa na mashine. Akachomeka kwenye soketi chini ya usukani, akasubiri, kioo kikaandika kwamba hakuna kosa lolote. Nikalipa. Akanishauri nikimwaga oili nyingine niweke nzito, 20W-50, kelele itapungua.

Nitasema wazi kwamba hakuna kati yao niliyemwona mjinga. Injini kunoki ni jambo la kweli, na sauti yake inatisha vilevile. Valvu zikilegea hugonga. Oili nzito nayo hupunguza kelele, hasa injini ikishapata moto, maana inajaza nafasi zilizolika. Ila asubuhi, pale kelele yetu inapoanzia, oili nzito inachelewa zaidi kupanda juu, na 1ZZ ina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, unaotegemea oili ipite kwenye vijitundu vyembamba.

Kuhusu mashine, nilikuja kuelewa baadaye. Kompyuta ya gari inalinganisha mkao wa kranki, inayozungushwa na pistoni, na mkao wa kamshafti, inayofungua valvu. Cheni ya taimingi inayoziunganisha ikilika kiasi cha kuipotosha kamshafti mbali na mahali pake, ndipo inaandika kosa. Kwenye magari mengi ni lile linalosomeka P0016. Kabla ya kufika hapo cheni inaweza kupiga kelele kila asubuhi na kompyuta isione kitu.

Kilichonisumbua ni hiki: hukumu tatu, na kila moja ilianza na spana. Nani kati yao aliuliza kelele inakuja saa ngapi?

## "Liache lilale"

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa huyu mzee wa Magomeni. Nilifika jioni. Nikawasha, nikamweleza, gari likawa kimya. Mzee hakuinua hata boneti.

"Njomba, umetoka wapi na gari hili?"

"Shangani, mzee."

"Basi lina moto. Leo halitaniambia kitu. Liache lilale, uje baada ya swala ya alfajiri."

Hapo ndipo mambo yote yalipogeukia, na nimelifikiria sana neno hilo. Mafundi wote watatu niliwapelekea gari kwa kuliendesha. Lilifika kwao likiwa limeshatembea na oili imeshapanda. Waliombwa wahukumu kelele ambayo muda wake ulikuwa umepita. Mzee peke yake ndiye aliyedai aisikie kelele kwa wakati wake.

Nilipofika alfajiri nilikuta amelaza katoni bapa chini ya injini tangu usiku. Akaivuta, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi. Kavu. Hakuna hata tone.

Kisha, kabla ya kuwasha, akachomoa stiki ya oili. Akaifuta kwa kitambaa, akaizamisha mpaka mwisho, akaichomoa tena na kunisogezea usoni. Ile stiki ina alama mbili, na oili inatakiwa isimame katikati yake. Yetu ilikuwa imelowa ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini, nyeusi, imeshika kama lami.

"Amemwaga oili lini mama huyu?"

Nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa pembeni ya mlango. Dada hachelewi. Kilomita za kumwaga oili nyingine zilikuwa bado mbali.

Mzee akaguna. Oili haikuvuja, maana katoni ni kavu. Haikucheleweshwa, maana karatasi inasema. Basi inaungua.

## Asubuhi ya bisibisi

Akawasha. Kelele ikaja kama ilivyozoea, na taa nyekundu ya oili ikachelewa kuzimika. Akazima upesi.

Akaongeza oili mpaka kati ya alama mbili, akasubiri ishuke, akawasha tena. Kelele ilikuja, ila fupi, kikabaki kimlio kidogo. Mimi nilitaka kushangilia. Yeye akakunja uso. Kama shida ingekuwa oili peke yake, alisema, sasa hivi ingeisha yote. Imepungua, haijaisha, kwa hiyo kuna kitu kimeshalika kwa sababu ya kukosa oili.

Akaanza kuondoa washukiwa mmoja mmoja. Alichomoa soketi ya koili ya plagi ya kwanza, silinda ile ikafa, akasikiliza, akairudisha. Halafu ya pili, mpaka ya nne. Injini iliyonoki sauti yake hubadilika ukiiua silinda yenye shida, kwa sababu mzigo umeondoka kwenye ile bearingi. Hii yetu kile kimlio cha mwisho kilichobaki hakikujali silinda ipi imekufa. Injini nzima ya mtumba, gharama ya mamilioni, ikafutika kwenye orodha kwa kuchomoa soketi nne.

Kisha akavua feni belti na kuwasha kwa sekunde chache tu, kwa sababu pampu ya maji nayo inazungushwa na belti hiyo. Alitaka kujua kama ni bearingi ya alteneta au ya puli. Kimlio kikabaki palepale.

Mwisho ndiyo ile bisibisi. Mpini kwenye mfupa wa sikio, ncha kwenye chuma. Akaiweka juu kwenye kava ya valvu, akasikiliza. Akaishusha kwenye kava ya taimingi, inayofunika cheni, akasikiliza zaidi. Akaniita. "Weka sikio. Sasa hapa. Umesikia inavyokaribia?"

Nilisikia. Juu, valvu zilikuwa zinatembea kwa mpangilio, tiki-tiki-tiki nyororo. Kwenye kava ya taimingi kulikuwa na kitu kinachochapa ukuta bila mpangilio.

"Cheni," akasema. "Imelegea, na tensheni haiikamati."

Ndipo akafunga boneti, akafuta mikono, nami nikauliza ni kiasi gani.

## Oili inavyoifikia cheni

Injini ya belti ya taimingi ina kilomita zake, ukifika unabadilisha. Cheni tumezoea kuambiwa ni ya maisha. Ni kweli kwa sharti moja, kwamba ipate oili safi na ya kutosha wakati wote.

Tensheni ya 1ZZ ni kidude kidogo chenye pistoni yake, kimefungwa ubavuni mwa injini kwa nje na nati mbili. Ndani kuna springi, lakini nguvu kubwa ya kuisukuma ile pistoni inatoka kwenye presha ya oili. Pistoni inasukuma mkono wa plastiki, mkono unakandamiza cheni. Usiku oili inashuka chini. Asubuhi ukiwasha, kwa muda mfupi tensheni inabaki na springi yake tu mpaka oili ipande. Kama oili ni ndogo au filta ni ile ya bei ya chee isiyozuia oili kurudi chini, muda huo unarefuka na cheni inachapa.

Sasa ipandishe gari hiyo mlimani au kwenye kona ndefu, oili ikiwa ncha ya stiki. Oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa. Kila mpando wa Newala cheni inafanya kazi na oili ya kubahatisha.

Chuma cha cheni hakivutiki, ingawa wengi husema imevutika. Kinacholika ni pini na bushi za kila pingili. Kila moja inalika kidogo usichoweza kukiona, lakini pingili ni nyingi na jumla yake ni urefu. Cheni ikirefuka, kamshafti inachelewa nyuma ya kranki, valvu zinafunguka nje ya wakati, na gari linakuwa zito mlimani. Dada alikuwa ameyataja yote mawili kwenye simu moja, kugonga na kuwa zito, na yote mawili yalitoka mahali pamoja.

Oili nayo iliungua kwa nini? Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo ya 2000 zinajulikana kwa hilo. Pistoni zake zilikuwa na vitundu vichache vya kurudishia oili nyuma ya ringi ya oili. Vikiziba kwa masizi, oili inabaki kwenye ukuta wa silinda na kuungua pamoja na petroli. Toyota baadaye waliongeza vitundu hivyo.

Na kuhusu taa nyekundu, tafadhali mwenye gari la zamani asome hapa mara mbili. Taa ile inasoma presha, haisomi kiasi. Oili inaweza kuwa imepungua hatari na taa isiwake hata kidogo, kwa sababu pampu bado inapata cha kusukuma. Ikianza kuwaka ukiwa njiani, umeshachelewa. Chombo cha kupimia kiasi ni ile stiki. Na kumwaga oili kwa kilomita, kama dada alivyofanya kwa uaminifu, hakukuambii chochote kuhusu oili iliyoungua katikati ya kilomita hizo.

## Kufungua au kutofungua

Kelele ilikuwa imepungua. Kwa nini tufungue? Nilimuuliza mzee hivyo, na dada aliniuliza hivyo hivyo kwa simu, kwa sauti ya mtu anayehesabu mtaji.

Mzee alipendekeza hatua ya katikati. Alifungua swichi ya presha ya oili, akafunga geji mahali pake, injini ikapata moto na geji ikatulia vizuri. Pampu ni nzima. Akafungua zile nati mbili akatoa tensheni. Pistoni yake ilikuwa imetoka karibu yote.

Hapo sikuuliza tena. Pistoni ya tensheni hutoka kwa kadiri cheni inavyorefuka, na ina meno ya kuizuia isirudi. Ikiwa imefika karibu na mwisho, maana yake cheni imekula nafasi yote iliyowekewa. Kuweka tensheni mpya juu ya cheni hiyo kungeleta ukimya wa muda. Siku cheni inaporuka jino, kwenye injini nyingi pistoni za silinda hukutana na valvu, na hapo ndipo unapoitafuta kweli ile injini ya mtumba.

Tukaagiza Kariakoo: cheni, tensheni, plastiki zote mbili zinazoiongoza, meno ya kranki na sili yake ya mbele. Mzee alisisitiza vitu vyote vitoke kwa mtu mmoja anayeaminika, na alipofungua kifurushi kilichokuja na basi alikagua kila kimoja kwa kucha na kwa mwanga. Spea bandia zimewatia hasara watu wengi huku Kusini, maana ukigundua kasoro, duka liko zaidi ya kilomita 550.

Kazi yenyewe nilikaa kuitazama. Aliiegemeza injini juu ya jeki na kipande cha ubao, akafungua maunting ya kulia, puli ya kranki, kisha kava. Cheni ya zamani na mpya alizitundika pamoja kwenye msumari mmoja ukutani. Ya zamani ilishuka chini kuliko mpya. Akazishika zote mbili kwa ubavu, zimelala hewani. Mpya ilinyooka, ya zamani ikainama. Plastiki ya upande wa tensheni ilikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na cheni, na vipande vyake alivikuta chini kwenye chujio la pampu ya oili, alipoteremsha sampu, lile beseni la oili.

Vile vipande vilinitisha kuliko cheni. Vingeziba chujio lile mlimani, tungepoteza injini yote.

Kupanga alama ndiko kulikomchukua muda. Kranki kwenye alama yake, pistoni ya kwanza juu kabisa, kamshafti mbili alama zao zikitazamana, na cheni mpya ina pingili za rangi zinazokaa juu ya alama hizo. Alipomaliza akazungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili. Nilipochungulia moyo ulinipasuka. Pingili za rangi hazikuwa tena juu ya alama.

"Mzee, imehama!"

Hakunijibu haraka. Akanielekeza nitazame alama za meno yenyewe. Zilikuwa pale pale. Pingili za rangi ni za kufungia tu, alisema; cheni ikishazunguka hazirudi mahali pake mpaka baada ya mizunguko mingi. Anayefukuza rangi badala ya alama za meno hufungua tena kitu kilichokuwa sawa. Kijana wake, aliyepita VETA, alikuwa amesimama nyuma yetu na nilimwona analichukua hilo.

Mwisho akairudisha tensheni ikiwa imefungwa kwa kile kindoano chake, akarudisha kranki nyuma kidogo, kindoano kikaachia, pistoni ikaruka kukamata cheni. Silikoni ya kava aliiacha ikauke usiku kucha, ingawa nilikuwa na haraka. Kulipokucha akaweka oili ya 5W-30 na filta yenye mpira wa kuzuia oili isirudi, akawasha.

Injini ikawaka. Ule upande wa kulia haukusema kitu.

## Bei ya jibu

Kwa kazi ya kufungua alinidai, na nililipa bila kubishana. Lakini kazi ngumu ilikuwa ya ile asubuhi ya kwanza. Kufungua na kufunga angeweza kufanya fundi mwingine mwenye mikono mizuri. Kujua afungue nini ndiko kulikookoa hela ya dada. Kwa hilo bei yake ilikuwa sifuri.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba yule mwenye mashine nilimlipa. Hakuna aliyeniona wa ajabu kulipa, hata mimi sikujiona. Mashine ina kioo, ina waya, inaandika. Sikio la mzee, lenye miaka mingi ya injini ndani yake, halina kioo. Tukienda hospitali tunalipa kumwona daktari na tunalipa vipimo kabla hata ya kuandikiwa dawa, na hatumwambii daktari kwamba hajatupasua. Kwa fundi tunataka jibu la bure, halafu tunalalamika akitaka kufungua.

Maana jibu likiwa la bure, fundi atakula wapi? Atakula kwenye spana na kwenye kamisheni ya duka la spea. Kila mfumo wa malipo tulionao unamsukuma afungue, na ikiwezekana afungue kikubwa. Simtetei fundi tapeli. Wapo, na tunawajua. Nasema hata fundi mwaminifu tumemwekea njaa upande wa kusikiliza.

Dada hakukubaliana nami. "Na wale watatu, ungewalipa pia? Kwa majibu ya uongo?"

Swali hilo ni zito na sijalimaliza. Kulipia jibu ni kulipia pia majibu mabaya, angalau mpaka umjue fundi. Nilichomjibu ni kwamba wale hawakupewa muda wa kupima. Walipewa gari lenye moto na mteja mwenye haraka, asiyelipa mpaka boneti ifunguke. Kama ningekuwa nimekubaliana nao bei ya kupima, ningekuwa na haki ya kumuuliza kila mmoja: umepima nini, umeondoa nini, umebakiza nini? Dada alisema hayo ni maneno ya mtu mwenye mshahara. Huenda.

Nilimrudia mzee na wazo hilo. Aweke bei ya kupima, ijulikane, mtu alipe hata kama kazi hataifanyia pale. Alifikiri muda mrefu. "Watanikimbia, njomba. Watakwenda kwa anayesema bure." Kijana wake alikuwa kimya, lakini alikuwa anasikia, na huyo ndiye ninayemwaza. Kila siku anaona bosi wake akisikiliza bure na kulipwa kwa kufungua. Akija kuwa na gereji yake, atachagua kipi?

Kwa sasa tumekubaliana mimi na mzee peke yetu. Nikimpeleka gari, tunataja kwanza bei ya kupima. Aliyoitaja mara ya kwanza ilikuwa ndogo mno, nikaipandisha, akacheka na kuikubali.

## Oili bado inaungua

Cheni imetibiwa. Ringi hazijaguswa. Injini hii itaendelea kunywa oili, na cheni mpya itapitia njia ileile ya ya zamani ikiachwa.

Dada ameelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Gari linalala mahali tambarare, na kabla ya safari, injini ikiwa haijawashwa, anachomoa stiki mwenyewe. Ana lita moja ya 5W-30 nyuma ya kiti. Ana daftari anamoandika kilomita na kiasi cha oili alichoongeza, na kila akishuka Mtwara ananipitishia nilitazame.

Mzee amekataa kusema lolote kuhusu pistoni mpya mpaka daftari lijae vya kutosha. Kama oili inapungua kidogo na kwa mwendo uleule, ni nafuu kuongeza kuliko kushusha injini. Kama unywaji unapanda mwezi hadi mwezi, tutafungua na kuweka pistoni za yale matoleo ya baadaye, zenye vitundu zaidi, pamoja na ringi mpya. Uamuzi lazima upatikane kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikianza hela inaingia vijijini, vitenge vinatoka, na dada hatakubali gari lilale gereji hata siku moja.

Kurasa nilizoziona mpaka sasa zinaonyesha oili inapungua, ila haijaongeza kasi. Anashuka tena Ijumaa.